Chai ya Kapteni Maganda

Sisi wafagiaji wa ndege humjua rubani kwa uchafu wake. Sura zao hatuzishiki, maana wao hushuka kwa ngazi ya mbele na mabegi yao ya magurudumu, sisi tumesimama chini na ndoo, wakatupita kama wanavyozipita nguzo za taa. Lakini tukishaingia ndani, kiti cha kila mmoja kinatueleza habari zake. Mmoja huacha vijiti vya meno amevichomeka kwenye mshono wa kiti. Huyo tulimwita Kijiti. Kuna mama mmoja ambaye hata unywele haachi, unaweza kudhani kiti hakikukaliwa. Huyo ni Mama Kavu. Na alikuwepo Maganda.

Maganda alikuwa mla karanga. Karanga za kukaanga, zile zenye ngozi nyekundu. Huzifikicha kwenye kiganja, hupuliza, na zile ngozi hutua popote zinapotaka kutua. Nimezitoa kwenye reli ya kiti kwa sindano ya kushonea, moja moja. Ingekuwa karanga tu ningenyamaza. Alikuwa akikata kucha akiwa angani. Mfuko wa chai akishaukamua aliutumbukiza kwenye mfuko wa ramani, na mara moja niliukuta umeota ukungu mrefu, mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Tishu alizopengea mafua alizikunja vizuri, kama barua, akazipachika ubavuni mwa kiti. Miaka kumi na tisa nimeosha vyoo vya ndege na matapishi ya kila umri, na sijawahi kutapika hata siku moja. Ila kwenye kile kiti cha kushoto, akitoka Maganda, nilikuwa navuta pumzi nikiwa mlangoni ndipo naingia, nikimaliza natoka kupumua.

Nieleze na namna tulivyofanya kazi, kwa sababu mambo yote yalikuja kusimama hapo. Kitambaa chekundu ni cha choo. Cha buluu ni cha jikoni. Cha njano ni cha meza za abiria. Cha chumba cha marubani ni cheupe, nacho hakiguswi na maji, pamoja na brashi ya nywele laini ya kufutia vumbi kwenye swichi. Ndoo haivuki ule mlango. Nilipokuwa nikimfundisha mgeni, nilimwambia ndoo inabaki nje kama kiatu. Hilo nilifundishwa siku yangu ya kwanza, na sikulivunja hata nilipokuwa na homa.

Sasa, mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa pili, nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa, na nyumbani tunaitana mke mwenza kwa sababu marehemu mume wangu alimdekeza kuliko alivyowahi kunidekeza mimi. Akasoma, akapata ufadhili, akaenda, akarudi na mabega yenye mistari miwili. Rubani msaidizi. Akapangiwa kampuni ileile ambayo mimi naifagilia ndege zake.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu wa kwanza. Nilimwambia kazini tusijuane. Nilisema hivi: watu wana midomo, watasema rubani gani huyu mtoto wa ndoo na ufagio, na wewe bado mgeni. Hakupenda. Alinuna siku mbili. Lakini uwanja mzima uliniita Bibi, kuanzia mlinzi wa geti mpaka mkurugenzi, kwa hiyo na yeye akiniita Bibi hakuna aliyegeuza shingo. Akanisalimia shikamoo Bibi mbele ya wote, nami nikamwitikia marahaba Kapteni, tukapitana.

Maganda ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Rubani mgeni lazima aruke safari arobaini na mwalimu pembeni, na kuna fomu ya kurasa nne ambayo mwalimu anaisaini mwishoni. Bila ile sahihi, mwaka mzima wa kusubiri umekwenda na maji, na kampuni ikitaka inakuambia rudi nyumbani, unga umemwagika. Mjukuu wangu alikuwa amefika safari ya thelathini na tisa. Ilibaki moja.

Safari hiyo ya thelathini na tisa nilikuja kusimuliwa jioni yake, jikoni kwangu, naye ameketi kwenye kigoda na viatu vya kazi hajavua. Aliisimulia taratibu, nami nikamuuliza kila kitu, maana napenda kujua kitu kilikaa upande gani.

Walikuwa wanarudi mchana, abiria arobaini na wanane, futi elfu kumi na tisa, hewa imetulia. Zamu ya kuendesha ilikuwa yake, Maganda alikuwa wa redio. Otopailoti ilikuwa imewashwa, yaani ule mtambo unaoishika ndege badala ya mikono ya rubani. Maganda akaagiza chai. Mhudumu akaleta chai ya maziwa kwenye kikombe chenye kifuniko, kama inavyotakiwa. Maganda akang'oa kifuniko, akasema chai ya kifuniko ni ya wagonjwa, akatia pakiti nne za sukari, akakoroga kwa kalamu.

Baina ya viti viwili vya marubani kuna kimeza kilichojaa swichi na vishikio vya injini, na hapohapo lipo gurudumu dogo la kusawazisha pua ya ndege. Sheria ni kwamba kikombe hupitishwa upande wa nje, wa dirishani, wala hakivuki juu ya kile kimeza. Maganda alikiweka juu ya kimeza chenyewe. Mjukuu wangu akamwomba kwa adabu amshikie kikombe. Akajibiwa kwamba chai inakaa pale tangu yeye amevaa nepi.

Kisha Maganda akanyoosha mkono kuchukua karanga, kiwiko kikagonga. Kikombe kizima. Ile chai ikazama katikati ya swichi kama inaijua njia. Maganda akatoa leso, ileile ya mafua, mjukuu wangu aliiona ilivyoshikana, akafuta juujuu, akasukuma na ngozi za karanga humohumo ndani, akasema imekauka. Na ile leso akaiacha palepale juu ya swichi, imelowa, kama mtu aliyetandika kitambaa cha meza.

Baada ya robo saa lile gurudumu dogo likaanza kuzunguka lenyewe. Tik, tik, tik. Hakuna aliyeligusa. Pua ya ndege ikainama kidogo, halafu kidogo tena, kama mtu anayesinzia mkutanoni. Otopailoti ikawa inavuta juu na gurudumu linasukuma chini, mpaka taa ya njano ikawaka kusema mtambo umelemewa.

Nikamuuliza, wewe ukafanya nini. Akanionyesha kwa mikono yake, akashika hewa pale jikoni.

"Nilishika usukani kwanza, mke mwenza. Kwa nguvu, mikono miwili. Ndipo nikabonyeza kitufe chekundu cha kuuachisha mtambo."

Nikauliza kwa nini ushike kwanza. Akasema ule mtambo unakuwa umezuia nguvu nyingi, ukiuachisha bila kushika, nguvu yote inatoka kwa mkupuo na pua inaruka inakotaka. Nilimwelewa mara moja. Ni kama kufungua kamba ya gunia lililo juu ya kabati: unaliegemeza bega kwanza. Basi akashika, akaachisha, kengele ikalia, akazima na umeme wa lile gurudumu, akalizungusha kwa mkono mpaka ndege ikakaa sawa. Walishuka futi mia tatu tu. Abiria wengine hata hawakuamka.

Mambo yangekomea hapo. Kitabu cha taratibu kinasema mtambo ukikosea namna hiyo hauwashwi tena mpaka ujulikane umekosea kwa nini, na sababu ilikuwa imelala pale chini ya leso. Maganda akasema ni mambo madogo, awashe tena. Mjukuu wangu akakataa. Maganda akanyoosha mkono wake uliojaa mafuta ya karanga, akawasha vyote viwili, mtambo na umeme wa gurudumu.

Safari hii ndege haikusinzia, ilijitupa. Toroli la vinywaji liliruka na kuangukia ubavu, mhudumu akagongwa nyonga, watu wakapiga kelele, na wale waliokuwa wametoka kula wakarudisha. Mjukuu wangu alikuwa bado ameshika. Akaachisha mara ya pili, akazima umeme mara ya pili, akavuta polepole asije akavunja kitu, na akasema maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake.

"Ndege ninayo mimi, Kapteni. Usiguse."

Akaiendesha kwa mikono dakika hamsini. Akawaarifu waongoza ndege mwenyewe, akaomba njia isiyo na ndege nyingine karibu, akaomba fundi awe chini. Maganda alikunja mikono, na baada ya muda mjukuu wangu akasikia pembeni yake: kru, kru. Alikuwa anamalizia karanga.

Mimi niliingia ndege iliposimama. Nilihesabu mifuko kumi na mmoja ya matapishi, na mengine hayakuwahi mfuko. Kulikuwa na soda kwenye dari. Hayo niliyafanya kwa moyo mmoja, ni kazi. Nilipofika mlango wa mbele na kitambaa changu cheupe, ndipo harufu ikanikamata: maziwa ya moto yaliyofungiwa ndani, yameanza kuchacha, pamoja na harufu ya leso. Mjukuu wangu alikuwa bado kwenye kiti chake, mikono kwenye mapaja. Maganda alisimama nyuma yake akiandika kwenye kitabu cha ndege, na mashavu yake yalikuwa yanatafuna.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, bila kugeuka, "hapa usifute. Acha kama palivyo."

Sikufuta. Niliangalia tu. Kwenye pengo la lile gurudumu ziliganda ngozi tatu nyekundu, zimenata kwenye rojo la rangi ya kahawia. Nikatoka nje kupumua.

Nilichokuwa sijui ni alichoandika Maganda kwenye kile kitabu. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia pale jikoni. Aliandika kwamba otopailoti ilijizima angani, na kwamba kimeza kilikutwa na unyevu, yumkini maji ya usafi wa asubuhi. Usafi wa asubuhi niliufanya mimi. Na walipokuwa wanashuka ngazi akamwambia mjukuu wangu, kwa sauti ya kirafiki kabisa, huku anajichokoa meno:

"Wewe nawe unaandika ripoti yako, si ndiyo? Andika unyevu. Wale wamama wa ndoo hawajui swichi ni nini. Fomu yako ninayo kwenye begi. Nikiona karatasi zetu zinafanana, kesho nakusainia, hata hiyo safari moja tunaihesabu imekwisha."

Aliponimalizia hayo akanitazama, akasubiri niseme. Na mimi, mtu wa miaka sitini na tatu niliyemfundisha huyu mtoto kutawaza na kusali na kurudisha chenji ya dukani, nilisema:

"Andika unyevu, mke mwenza."

Nikamweleza hesabu yangu. Mimi nimebakiza miezi mitano nistaafu. Wakinifukuza, wamenifukuza, mgongo wenyewe umechoka. Yeye ana miaka arobaini mbele. Nitasema nilimwaga maji, nimezeeka, mkono uliteleza, nisameheni. Watu watanionea huruma. Wiki moja yamesahaulika.

 Aliniangalia tu, na yale macho nayajua kwa sababu ni yangu: ndivyo mimi nilivyokuwa nikikiangalia kiti cha Maganda. Akainuka, akavaa koti, chakula akakiacha kimefunikwa mezani, akaenda kulala kwa mama yake. Wali ule niliumwaga asubuhi, umeshavunda. Mikono yangu niliinawa mara mbili na bado niliiona michafu.

Saa tatu msimamizi wetu akaja kuniita, uso umemshuka, akisema mkuu wa marubani ananitaka, na akanisindikiza mpaka ndani akininong'oneza nijishushe, nikiri kidogo, watanielewa. Ofisi ya mkuu ilikuwa na meza kubwa ya kioo yenye alama za vidole, na mimi nikiwa na wasiwasi huwa nahesabu alama za vidole. Maganda alikuwa ameketi, mguu juu ya mguu. Mjukuu wangu alisimama dirishani na sare yake. Fundi wa umeme wa ndege, kijana mpole mwenye miwani, alisimama mlangoni na boksi lake la vifaa.

Mkuu alikuwa mtu wa heshima. Akaniambia niketi, akanieleza taratibu kwamba hakuna anayenishtaki, wanataka tu kujua ilikuwaje. Nikasema nilivyopanga.

"Ni mimi, baba. Nilimwaga maji."

"Bibi anadanganya," mjukuu wangu akasema kutoka dirishani.

Mkuu akamwinulia mkono. "Mwache bibi yetu aseme."

"Si bibi yetu. Ni bibi yangu mimi. Huyu ndiye aliyemzaa mama yangu. Na ripoti yangu niliipeleka saa moja asubuhi, iko kwenye trei yako hiyo, nimeandika chai."

 Msimamizi wetu akaniangalia kana kwamba nimeota pembe. Mimi nilijua moyoni kwamba hapo ndipo sahihi yake ilipoanguka, na nilitaka kulia, lakini Maganda akaniwahi kwa kucheka. Alicheka mpaka akakohoa kipande cha karanga kikatua juu ya ile meza ya kioo. Akakifuta kwa kidole, akakila.

"Kumbe ni mambo ya ukoo," akasema. "Sasa tumeelewana. Bibi kamwaga maji, mjukuu anamfichia, mzigo anatwishwa Maganda."

Jina lile alilijua. Miaka yote tukidhani tunamsengenya.

Na maneno yake yakaingia. Nilimwona mkuu anaanza kumtazama mjukuu wangu kwa jicho jingine, jicho la pole na shaka. Kule kufichana kwangu kukawa ndiko kunakomzamisha. Kama tangu siku ya kwanza tungesema huyu ni huyu, neno lake lingekuwa neno la rubani. Sasa lilikuwa neno la mtoto anayemkingia bibi yake.

Mkuu akamgeukia fundi, akauliza ndege inaweza kuruka lini. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaniuliza mimi, si mwingine.

"Bibi, niambie sawasawa. Yalikuwa maji matupu? Kama ni maji matupu, sina haja ya kufungua. Napuliza hewa ya moto saa nzima, yanakauka, najaribu, natia sahihi, inaondoka saa nane na watu wake."

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Ilibaki mimi kusema ndiyo. Neno moja, na mimi nilikuwa nimeshatoa zito zaidi ya hilo. Lakini ukimuuliza mtu aliyefuta vitu miaka kumi na tisa habari ya kitu kilichomwagika, mdomo wake haumsubiri. Maji ukiyapuliza yanaondoka. Chai ya maziwa yenye pakiti nne za sukari, ukiipuliza hewa ya moto, umeipika. Inakuwa gundi. Juu pataonekana pakavu, swichi itabonyezeka mara kumi mbele ya fundi, na mara ya kumi na moja itanata ndani, wakiwa juu, na watu wamekunja meza zao wanalala. Niliwaona hao watu wa saa nane. Niliona mifuko kumi na mmoja. Na nikajiona mimi nimekaa kwenye kiti cha ofisi, nimevaa aproni safi, namsaidia Maganda kufuta kwa leso ileile.

Hapo ndipo kinyaa kiliponipanda, na hakikuwa cha Maganda. Kilikuwa changu. Nilihisi mate yamejaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, na ilinibidi nishike ukingo wa meza.

"Si maji," nikasema. "Nimesema uongo, mwanangu, nafuta kauli. Mimi maji siingizi mle. Usipulize. Ukipuliza utaipika sukari. Ifungue."

Maganda akasema bibi amechanganyikiwa, kila dakika ana lake. Na kwa kweli ndivyo nilivyoonekana. Nikamwambia fundi afungue mbele ya wote. Akikuta kukavu au maji, nisindikizwe getini sasa hivi na aproni yangu nivuliwe. Lakini jana nilikatazwa kufuta na sikufuta, kwa hiyo kilichomo kimo.

Mkuu akamtazama fundi. Fundi akachukua boksi lake.

Tulikwenda wote, tukapanda ile ngazi ya mbele ambayo mimi huwa naipanda na ndoo. Chumba kile ni kidogo, tukasongamana mlangoni. Usiku mzima ndege ilikuwa imefungwa, na jua la asubuhi lilikuwa limeshaipasha. Fundi alipofungua mlango wa marubani, mkuu alirudi nyuma hatua mbili na kuweka mkono puani. Fundi akafungua skrubu nne, akainua polepole kibati cha juu ya kile kimeza. Hakikuinuka chenyewe, kilivutana na kilichokuwa chini yake, kwa nyuzi ndefu za rangi ya kahawia, kama jibini. Ndani, swichi zilikuwa zimelala kwenye rojo zito lenye utando wa maziwa, na kwenye huo utando zimepandwa ngozi nyekundu za karanga, nyingi, mpya na za zamani, nyingine zimeshaota ule ukungu wa manyoya. Na kucha moja. Kucha ya mtu, imekatwa kwa duara zuri, imesimama wima. Mende mdogo alikuwa amenasa miguu, bado anachezesha sharubu zake.

Fundi akagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikanata. Akakinusa, akatoka nje ya chumba bila kusema kitu, tukamsikia anatema mate ngazini.

 Mkuu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza mgonjwa, kama huwa naokota vitu hivi kila siku. Nikamjibu kwamba vya juu ndiyo. Vya ndani si kazi yangu.

Maganda alisema chochote kingeweza kuwa kimeingia siku yoyote.  Akaingiza mkono mfukoni kwa mazoea, akatoa karanga, akaziangalia, akazirudisha.

Ndege haikuruka saa nane. Fundi aliingoja siku tatu ipate kibati kipya na swichi zake. Maganda alisimamishwa miezi miwili, akapelekwa darasani, akarudi. Siwezi kusema alitupwa, maana hakutupwa. Alivuliwa ualimu tu. Siku hizi hali karanga, anakula bisi, na bisi angalau zinaonekana. Mimi kampuni ya usafi iliniandikia barua ya onyo kwa kutoa maelezo ya uongo. Msimamizi alinipa akiwa na aibu, lakini mimi niliona ni haki yangu, nikaisoma mara mbili nikaitia kwenye bahasha pamoja na cheti changu cha darasa la saba.

Mjukuu wangu hakusainiwa. Alirudishwa nyuma safari kumi, safari hii na Mama Kavu. Na mimi hakunisemesha zaidi ya salamu siku kumi na moja. Kazini sasa wote walijua, wakawa wanatutania, rubani na urithi wake wa ndoo, na yeye alinisalimia shikamoo Bibi kama zamani, ila sasa wote walisikia jinsi ilivyokuwa baridi. Nilijua hakuchukia kwamba nilitaka kujitoa kafara. Alichukia kwamba nilimwambia yeye afute kwa leso chafu, halafu aondoke aende kuruka na watu.

Jumapili ya tatu alikuja nyumbani mchana, akiwa na bahasha. Hakukaa kwenye kigoda, alivuta kiti mezani. Nikamwandalia chai, ya rangi, kwa sababu ya maziwa sijaweza kuinywa tangu siku ile, hata harufu yake ikipita dirishani nageuza uso. Akatoa ile fomu ya kurasa nne, akaikunjua juu ya meza, akaigeuza nione ukurasa wa mwisho. Sahihi ya Mama Kavu ni ndogo sana, na imeandikwa ndani ya mstari, haikuugusa juu wala chini.

Nilitaka kuisoma kwa karibu. Nikainama, kikombe changu kikiwa mkononi, nikakileta juu ya ile karatasi.

"Mke mwenza," akasema.

Akanishika kifundo cha mkono kwanza, kwa nguvu. Kisha akakichukua kile kikombe, akakizungusha upande wa nje, karibu na ukuta, akakiweka huko mbali. Ndipo akaniachia, akanisogezea fomu.